Maswali ya Wasomaji: Kanisa la King's College, Cambridge

Tangu tuweke ile picha ya ndani ya kanisa la King's College, pale Cambridge nchini Uingereza, maswali yamekuwa yakimiminika tu, mengine marefu kuliko makala yenyewe. Yanayofanana nimeyaunganisha, ya matusi nimeyaacha yalipo. Twende.

SWALI: Ndugu mhariri, naomba kueleweshwa. Hii King's College ni chuo kikuu chake au ni sehemu ya Cambridge? Na huyo mfalme anayetajwa ni yupi, maana wafalme wa Uingereza wamejaa tele.

JIBU: Ni sehemu ya Cambridge. Chuo kikuu ndo kinatunga mitihani na kutoa digrii, ila wanafunzi wanachukuliwa na koleji, wanalala koleji, wanakula koleji na sehemu kubwa ya kufundishwa wawili watatu na mwalimu wao inapangwa na koleji. Koleji ziko 31, kila moja ina mali yake, uongozi wake na wengi wao wana kanisa lao ndani ya ua. King's sio ya zamani kuliko zote, Peterhouse ilishakuwepo tangu 1284.

Mfalme ni Henry VI. Huyu bwana alirithi kiti akiwa mtoto wa miezi tisa, na alipoanzisha koleji hii mwaka 1441 alikuwa na miaka 19 tu, kijana mpole, mcha Mungu kupita kiasi, ambaye ukisoma habari zake unaona kabisa alipaswa kuwa padri na sio mfalme wa nchi yenye mabwana wakubwa wenye majeshi yao. Mwanzo alitaka kitu kidogo, mkuu mmoja na wanafunzi 12 maskini. Halafu akapata wazo kubwa zaidi, mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha shule ya Eton karibu na kasri lake la Windsor, kwa hiyo akaamua kuziunganisha hizo mbili, vijana 70 watoke Eton waje King's, na kanisa lao liwe kubwa kuliko chochote ambacho koleji nyingine inacho. Hela zilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye ardhi za nyumba za watawa zilizokuwa chini ya monasteri za Ufaransa, ambazo serikali ilikuwa imezitwaa wakati wa vita.

SWALI: Watu 70 na kanisa la ukubwa ule? Mbona kama walikuwa wanajenga kathedrali?

JIBU: Hata mimi nilipoona vipimo nilijiuliza hivyo hivyo. Urefu mita 88, upana wa ndani mita 12, na kutoka sakafuni hadi darini mita 24. Yaani ni jengo jembamba, refu, limenyooka, halina zile mbawa za pembeni zinazofanya makanisa mengi makubwa yawe na umbo la msalaba.

Ila msisahau lile kanisa lilikuwa upande mmoja tu wa mpango. Henry alitaka ua mkubwa wenye majengo pande zote, mnara, na njia ya kutembea iliyoezekwa, na aliandika kila kipimo kwenye waraka wa 1448 ambao wanahistoria wanauita wosia wake. Ili apate nafasi akanunua na kubomoa katikati ya mji kabisa, nyumba za watu, maduka, vichochoro, gati za mtoni, na kanisa moja la parokia likaenda na maji. Hebu fikiria wewe ni mfanyabiashara una gati yako inayokuingizia riziki, halafu mfalme wa miaka ishirini na kitu anakwambia hapa patakuwa na koleji. Jiwe la kwanza la kanisa aliliweka mwenyewe tarehe 25 Julai 1446, fundi mkuu akiwa Reginald Ely.

Baada ya hapo ndo mambo yakaharibika. Vita vya kugombea taji kati ya ukoo wa Lancaster, wa kwake, na ukoo wa York vikaanza, mwaka 1461 akapinduliwa, na hela ikakata. Inasimuliwa kwamba habari zilipofika Cambridge mafundi waliweka vifaa chini wakaondoka. Na ule ua mkubwa haukujengwa kabisa. Vijana wa King's walibanana kwenye majengo yaliyokuwa ya muda tu, na huo muda ukawa karne tatu hivi, mpaka 1724 lilipoanza kujengwa lile jengo jeupe linaloitwa Gibbs, kwa jina la msanifu wake James Gibbs. Kwa hiyo mnapoona kwenye picha kanisa kubwa limesimama kama limewazidi majirani zake, sababu ni hiyo, lilikusudiwa liwe na wenzake na wenzake hawakuja.

Kama utafika pale, angalia rangi ya mawe. Yale ya mwanzo ni meupe, yaliletwa kutoka Yorkshire. Kazi ilipoendelea miaka mingi baadaye mawe yalitoka kwingine, zaidi Northamptonshire, na rangi yake ni ya kuelekea manjano. Ukutani unaona kabisa jeupe linaishia wapi, na haliishii kwa mstari ulionyooka, linapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, kwa sababu mafundi walikuwa wanaanzia mashariki kuja magharibi na siku kazi iliposimama kila kipande kilikuwa kwenye kimo chake.

SWALI: Kaka, mnasema mwanzilishi ni Henry VI, lakini mimi nilifika pale na mwenyeji wetu muda wote anatuonyesha alama za akina Tudor, ukoo wa kifalme uliokuja baadaye. Maua ya waridi, madragoni, mbwa. Sasa kanisa ni la nani?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri na ndo kisa chenyewe.

Henry VI kwenye ule waraka wa 1448 alisema wazi anataka jengo kubwa, safi, imara, na akaonya wasiweke manakshi mengi na mapambo ya kujaza macho. Alitaka lisiwe na mbwembwe. Ukiingia ukaenda upande wa mashariki, ule wa madhabahu, kuta zake zimetulia kweli, ndo sehemu iliyopanda kwanza. Rudi upande wa mlango mkuu wa magharibi uone. Waridi za mawe kubwa zinazochomoza ukutani, mageti ya ngome ya kushusha, mataji, ngao za kifalme zimeshikwa na dragoni upande huu na mbwa wa mbio upande ule. Hakuna mtakatifu hata mmoja kwenye hizo ngao. Ukuta mzima unasema jambo moja, Tudor, Tudor, Tudor.

Ilikuwaje? Henry VI aliuawa akiwa mfungwa kwenye Mnara wa London mwezi Mei 1471. Edward IV aliyempindua hakuwa na haraka na kanisa la adui yake. Richard III, mdogo wake Edward, ambaye historia inamkumbuka kwa ubaya, ajabu ndo aliyeamuru ujenzi uendelee haraka, na kipindi chake kifupi kilisogeza kazi, sehemu ya mashariki ikaezekwa kwa mbao. Akafa vitani Bosworth mwaka 1485 na kazi ikalala tena zaidi ya miaka ishirini.

Aliyemshinda ni Henry VII, wa kwanza wa ukoo wa Tudor, na huyu haki yake ya kukaa kwenye kiti ilikuwa nyembamba sana. Alichokuwa nacho ni undugu. Baba yake na Henry VI walikuwa wamechangia mama, kwa hiyo Henry VI alikuwa baba yake mkubwa. Na wakati huo watu wa kawaida walishaanza kumwomba yule marehemu kama mtakatifu, wanahiji kaburini kwake, wanasimulia miujiza. Henry VII akaiona nafasi, akaanza kusukuma Roma wamtangaze marehemu kuwa mtakatifu (haikufanikiwa), na mwaka 1506 akatembelea Cambridge akasali ndani ya lile kanisa lisilokwisha. Miaka miwili baadaye kazi ikaanza upya kwa hela yake. Alipokaribia kufa mwaka 1509 akaacha pauni 5,000 ndani ya sanduku lililofungwa kwa vyuma, na sanduku lenyewe koleji inalo mpaka leo.

Sasa mtu akitoa hela ya namna hiyo anataka aonekane. Mbwa ni alama ya ukoo wa mama yake, akina Beaufort, dragoni ni ya Wales alikotoka babu yake. Kwa maoni yangu, na najua kuna watakaonipinga, lile ni kanisa la Henry VI kwa mpango na ni bango la akina Tudor kwa matokeo. Wafalme watano waligusa kazi ile na mwanzilishi angefufuka akaingia kwa mlango wa magharibi sidhani kama angefurahi.

Na kuna alama moja mwenyeji wenu huenda aliwaonyesha haraka haraka. Katikati ya kanisa kuna ukuta wa mbao ya mwaloni, mweusi, umechongwa vizuri mno, unatenganisha sehemu ya kwaya na ukumbi wa mbele, na juu yake ndo kimekaa kinanda. Uliwekwa na Henry VIII, mtoto wa yule wa sanduku. Ukiangalia kwa makini kwenye michongo utaona herufi H na A zimeungana. H ni yeye, A ni Anne Boleyn, aliyemuoa mwanzoni mwa 1533 na kumkata kichwa Mei 1536. Kwa hiyo wataalamu hawakuhitaji kupekua nyaraka nyingi kujua ule ukuta ni wa miaka gani! Mahali kwingi mafundi walitumwa kufuta herufi za Anne kila zilipokuwa. Hapa zilibaki.

SWALI: Ile dari inashikiliwa na nini? Naona mawe matupu na katikati hakuna nguzo.

JIBU: Dari ile ilijengwa na fundi John Wastell kati ya 1512 na 1515, miaka mitatu tu, zaidi ya nusu karne baada ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ndo dari kubwa kuliko zote duniani za aina yake. Aina yenyewe ni kwamba juu ya kila nguzo ya ukutani mbavu za mawe zinatokea sehemu moja halafu zinafunguka pande zote kama feni ya mkono, mpaka zinakutana na zile za upande wa pili katikati. Pale katikati wanapokutana kuna vitufe vya mawe, kimoja waridi, kinachofuata geti la ngome, kinachofuata waridi, mpaka mwisho wa kanisa. Kutoka chini vinaonekana vidogo, ila kila kimoja kinakaribia tani moja.

Jiwe lililopinda namna ile halianguki chini moja kwa moja, linasukuma kuta kwenda nje. Kwa hiyo kazi yote iko nje. Ukizunguka jengo unaona zile nguzo nene zinazotokeza kati ya dirisha na dirisha, ndo zinapokea msukumo na kuupeleka ardhini, na vile vinara vya mawe juu yake sio urembo tu, uzito wake unakandamiza nguzo zisilegee. Ndo maana kuta zenyewe zimeweza kuwa vioo karibu vitupu. Na nafasi kati ya nguzo na nguzo kule chini hawakuiacha hivi hivi, wameweka vyumba vidogo vya kusalia, viko 18.

Nyongeza: juu ya dari ya mawe kuna paa lingine la mbao lililofunikwa kwa madini ya risasi, ndo linalozuia mvua. Dari ya mawe haibebi kitu zaidi ya nafsi yake. Na nguzo za upande wa mashariki zinaonyesha Reginald Ely alikuwa na dari ya mtindo mwingine kichwani. Wastell alikuta nguzo za mtu mwingine akazifanyia kazi yake.

SWALI: Nimesoma kwamba wale Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walivunja vioo vya makanisa Uingereza nzima. Hivi vya King's vilipona vipi? Kuna mtu aliniambia walivificha chini ya sakafu.

JIBU: Hiyo ya sakafu ni hadithi ya kunogesha, fikiria madirisha 26 makubwa namna ile uyafukie na mtu asiandike hata mstari mmoja kwamba yamefukiwa.

Vioo vyenyewe, ukitoa dirisha la magharibi ambalo ni la 1879, vilitengenezwa kati ya 1515 na 1531, wengi wa mafundi wakiwa watu wa Flanders, eneo ambalo leo zaidi ni Ubelgiji. Wa kwanza alikuwa Barnard Flower, akafa kazi ikiwa mbichi, wengine wakiongozwa na Galyon Hone wakaendeleza. Mpangilio wake ni kwamba picha za chini ni maisha ya Bikira Maria na Yesu, za juu yake ni habari za Agano la Kale zinazoendana nazo, ukizoea unaanza kuzisoma kwa jozi. Wakati vinamalizika Henry VIII alikuwa anaelekea kugombana na Papa, kwa hiyo hata umri wao ni wa bahati, wangechelewa miaka kumi sijui kama vingewekwa.

Halafu mwezi Desemba 1643, katikati ya vita vya Bunge na mfalme, akaja William Dowsing, mtu aliyepewa kazi rasmi ya kuharibu sanamu na picha za kishirikina. Alikuwa na daftari, anaandika kila alipopita na kilichovunjwa. Kwa King's akaandika kwamba kuna picha za kishirikina elfu moja. Basi. Hazikuvunjwa. Askari wa Bunge walifanya gwaride humo ndani mvua ikinyesha nje, wengine wamekwaruza majina yao ukutani na bado yapo, lakini vioo havikuguswa. Wengine wanasema Oliver Cromwell mwenyewe, kigogo wa upande wa Bunge ambaye alisoma Cambridge na kuwa mbunge wake, aliwakingia kifua, wengine wanasema wakuu wa koleji walijua kuzungumza na watu. Ushahidi wa kumaliza ubishi hakuna, na mimi nadhani jibu la pili lina harufu ya ukweli zaidi.

Kwenye Vita vya Pili vya Dunia hawakubahatisha tena, vioo vingi vilitolewa kipande kwa kipande vikahifadhiwa, vikarudishwa vita vilipoisha.

SWALI: Ile ibada ya Krismasi inayorushwa redioni ni ya hapo hapo?

JIBU: Hapo hapo. Ilianza Krismasi ya 1918, wiki chache baada ya Vita vya Kwanza kuisha, na aliyeianzisha ni Eric Milner-White, kasisi msimamizi wa kanisa, ambaye alikuwa ametoka kuwa kasisi wa jeshi na aliona ibada za kawaida haziwagusi tena watu. Muundo hakuubuni yeye, masomo tisa na nyimbo katikati yake ilishafanyika mji wa Truro, kusini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1880. BBC walianza kuirusha 1928 na wameruka mwaka mmoja tu, 1930. Hata wakati wa vita ilirushwa, kanisa likiwa baridi na madirisha hayana vioo, ila jina la mahali halikutajwa kwa usalama.

Inaanza saa tisa alasiri tarehe 24 Desemba, mtoto mmoja anaimba beti ya kwanza ya wimbo wa ufunguzi peke yake bila kinanda. Watoto wa kwaya wako 16, idadi ambayo Henry VI aliiweka mwenyewe kwenye sheria za koleji, na nani ataanzisha haambiwi mapema, kiongozi wa kwaya anamnyooshea kidole dakika ile ile. Mnaopenda muziki huo, siku za masomo kuna ibada ya jioni, kwaya inaimba na kuingia ni bure, wakati mchana watalii wanalipa.

SWALI: Mtoto wa maskini anaweza kusoma King's siku hizi au bado ni ya watu wa Eton?

JIBU: Zamani ndiyo, ilikuwa yao kabisa, na walikuwa na upendeleo wa ajabu, hadi 1851 mwanafunzi wa King's alikuwa anapata digrii ya Cambridge bila kufanya mtihani wa chuo kikuu. Wasiotoka Eton walianza kuingia 1865. Wanawake 1972, King's ikiwa kati ya koleji tatu za kwanza za wanaume kuwafungulia, pamoja na Clare na Churchill. Kati ya hapo wamepita mchumi John Maynard Keynes, aliyeshika pia hela za koleji kwa miaka mingi, na Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, aliyeingia 1931. Na wale "maskini" wa Henry VI, tuseme tu kwamba kwa karne kadhaa neno hilo lilitafsiriwa kwa ukarimu sana.

SWALI: Ni kweli wameweka sola juu ya kanisa la miaka 500? Hiyo si kuharibu?

JIBU: Ni kweli. Lile paa la risasi lilikuwa limefika muda wa kubadilishwa, kwa hiyo walipolifungua wakaamua kuweka na paneli za sola, 438. Kibali kilitoka mapema 2023 baada ya ubishi, kwa sababu taasisi ya serikali inayolinda majengo ya kale ilipinga, ikisema sura ya jengo itaharibika. Mimi nilikuwa upande wa waliopinga mpaka nilipoona picha za kutoka chini. Kuna ule ukuta mfupi wa mawe uliotobolewa unaozunguka ukingo wa paa, unaficha karibu kila kitu, ukisimama kwenye nyasi huoni chochote, ingawa kusimama kwenye nyasi zenyewe wanaruhusiwa maprofesa wa koleji tu, wengine wote mnapita kwenye njia ya mawe.